Huku Hakuna Anayetangaza

Ambakisye, picha zako zimefika.
Nimezitazama kwenye simu ya Subilaga, ile yenye ufa,
ufa ukapita katikati ya ziwa lenu
na mti mmoja mweupe ukawa miti miwili.
Unasema huko redio hutangaza siku ya maua
kama huku tunavyotangaziwa umeme kukatika,
na watu hutandika mikeka, wakala, wakasinzia chini ya matawi.
Unauliza: na bustani yetu, dada, iko vipi?

Ipo. Bado naifagia mimi,
tangu saa kumi na mbili, lango la chini hadi bombani.

Januari hufagii, unasukuma tope.
Mvua inashuka Loleza kama mtu anayedai deni,
mabenchi yanaota kijani,
wanafunzi wa chuo wanakalia mifuko ya saruji
wakila mahindi ya kuchoma, gunzi palepale.
Magunzi ya Machi pekee, ningeyaweka,
ningekuwa nimekujengea banda.

Mei mvua inaondoka bila kuaga.

Halafu Juni. Umeisahau Juni?
Maji ya ndoo yanauma vidole kama yana meno.
Mwaka huu sakitu ilipiga nyasi zote za upande wa mnara,
nyeupe, zikivunjika chini ya raba zangu.
Nilipiga hatua kumi nikageuka kuziona nyayo.
Basi, mdogo wangu, hiyo ndiyo theluji yangu.
Saa tatu jua lilikuja likafuta kila kitu,
nikabaki nimeshika fagio na sina cha kuonyesha.

Mlinzi Mwampashi huwasha taka nyuma ya choo, tunaota.
Kila Julai anasimulia mkewe alivyoondoka,
na kila Julai mke anaondoka kwa sababu nyingine.

Agosti ni vumbi. Septemba ni vumbi
na watoto wanaoteleza mteremkoni kwa vifuniko vya ndoo.

Oktoba hakuna anayetangaza.
Unafungua lango, na sakafu ni zambarau.
Jakaranda zimemwaga usiku kucha, kimya, bila kibali cha jiji.
Msimamizi anaita uchafu. Anataka njia ionekane.
Nafagia, nageuka, njia imepotea tena;
ukikanyaga ua linasema *pa*, kama mtoto anayejifunza herufi.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike.

Mama alikuja kliniki ya macho, Rufaa,
akitokea Tukuyu na gari la alfajiri.
Walimwambia arudi saa nane. Nikamleta bustanini,
nikamkalisha kwenye benchi lisiloyumba,
nikaendelea na kazi, maana msimamizi ana macho mazima.
Nilipofika kwake alikuwa ameinua kiganja.
“Mwanangu, mvua hii mbona hailoweshi?”

Nikamwambia ni maua.
Akanyamaza. Moja likatua kwenye kilemba, jingine begani.
Akauliza rangi. Nikasema, kama ile sweta
ya Ambakisye, ya darasa la tano.
“Iliyochanika kiwiko?”
“Hiyohiyo.”
Akasema *ndaga fijo*, sijui akimwambia nani, mti au mimi,
akaokota ua kwa kupapasa
akalifunga kwenye pindo la kitenge, anapofungia nauli.
“Hili la yule wa Japani.”

Siku hiyo nilifagia bustani nzima
nikaacha duara moja kulizunguka benchi lake.
Msimamizi aliliona. Akakohoa, akapita.

Ua halikufika Tukuyu zima. Lilikuwa jeusi,
limegandana na noti ya elfu mbili,
na kondakta alilibandua kwa ukucha akiguna.
Kwa hiyo sikutumii kitu.

Mama anafanyiwa upasuaji Desemba, jicho la kulia kwanza.
Ameuliza unarudi lini. Nimemjibu
huku hakuna anayetangaza.
Akacheka, lakini si sana.

Mlima umevaa wingu tangu adhuhuri.
Fagio langu limebaki kipini; wamesema watanunua.